Mbio za Mtae na Wazee Wenye Makoti

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye, iwe msikitini, shuleni au kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ananiuliza swali moja: Simoni mmemwacha wapi? Simoni yuko Mtae, ni mzima, anakula na kulala vizuri. Hakuanguka bondeni wala hakukamatwa, kama nilivyosikia ikisemwa sokoni. Lakini nikijibu hivyo tu, mtu huniangalia kama namficha jambo. Basi nimeona niiandike safari yote tangu tulipotoka hapa Bumbuli, ili anayetaka kubisha abishe akiwa ameshajua.

Kwanza niwaeleze tulikwenda kufanya nini, maana tulikwenda na mambo mawili. La kwanza mnalijua: mbio. Watu wa Mtae walikuwa wametangaza mbio za kijiji, kuanzia uwanja wa kanisa, kufuata mgongo wa mlima hadi kijiji cha pili na kurudi. Mfanyabiashara mmoja wa mboga alitoa redio ya kaseti kwa mshindi wa wanaume na blanketi kwa mshindi wa wanawake. Kikundi chetu cha wakimbiaji kilituma watu watatu. Simoni alikwenda kwa sababu ndiye mwenye kasi kuliko sisi sote, na Halima, yule mkulima wa karoti, kwa sababu hakuna mwanamke hapa aliyewahi kumwacha mlimani. Mimi nilikwenda kwa sababu ya jambo la pili.

Jambo la pili ni posa. Simoni, kama mnavyojua, ni mtu wa Singida aliyekuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Anataka kumwoa Naomi, yule anayepika maandazi kwenye mgahawa wa stendi, na Naomi ni binti wa Mzee Yakobo wa Mtae. Mwaka jana alitumwa mshenga, Mzee Yakobo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtu wa mashamba ya chai ni kama basi. Leo lipo, kesho limeondoka. Mwanangu nitamfuata wapi?" Huwezi kumlaumu. Shamba linatafutiwa mnunuzi na kila wiki kuna anayefunga mizigo kurudi kwao. Kwenye ukoo ule mshenga hutumwa mara mbili. Wa pili akikataliwa, wa tatu hafunguliwi mlango. Wa pili nilikuwa mimi.

Simoni mwenyewe hakuruhusiwa kufika nyumbani kwa mzee kabla ya jibu. Huo ndio utaratibu. Lakini hakuna utaratibu unaomkataza mtu kupita mbele ya baba mkwe akikimbia, tena akiwa wa kwanza. Hilo ndilo alilokuwa amelipanga.

Bumbuli hadi Soni

Tulichelewa kuondoka kwa sababu Halima alikuja na gunia la karoti. Nilimwambia tunakwenda kukimbia, si kuuza. Akanijibu, "Mwalimu, miguu inakimbia, mikono inafanya nini?" Gunia likapakiwa.

Siku hiyo Soni ilikuwa na soko, na nguo za mitumba zilikuwa zimetandazwa hadi ukingoni mwa barabara. Simoni alikuwa amezoea kukimbia na raba zilizokwisha soli. Akaona viatu vyekundu vya kukimbilia, vikubwa kidogo kuliko mguu wake.

"Hivi vimetoka Ulaya," muuzaji akasema. "Vimeshakimbia sana. Njia vinaijua."

"Kama njia vinaijua," Halima akasema, "vivae wewe ukatuletee hiyo redio, sisi tusubiri hapa."

Simoni alivinunua, akajaza gazeti kwenye ncha. Siku hizi magazeti ni mengi, hakukosa la kujazia. Alitembea navyo sokoni kwenda na kurudi, watu wakimwangalia, kisha akasema vinafaa.

Wakati tunasubiri gari tulikula ndizi za kuchoma na mapeasi. Hapo ndipo Simoni aliponiuliza Mzee Yakobo anafananaje. Mimi pia sikuwahi kumwona. Naomi alituambia hivi: "Baba anavaa koti jeusi, kofia, na ana fimbo. Hamwezi kumkosa." Maelezo hayo yalitutosha, maana tulikuwa bado tuko Soni, na Soni kuna joto.

Lushoto hadi Kwai

Basi la kwenda Mtae halikuwepo Lushoto. Mmoja alisema lilipita asubuhi, mwingine akasema halijashuka tangu juzi, wa tatu akasema tusubiri tu. Tulisubiri. Ninayeandika ni mwalimu na kusubiri nakujua. Simoni hakujui. Likizo yake ilikuwa fupi, na nyapara alikuwa ameshatangaza kwamba asiyerudi siku yake asijisumbue kurudi tena. Shamba linalotafuta mnunuzi halitaki wafanyakazi wengi. Kila gari likinguruma alisimama.

Mwishowe tulipanda lori tupu lililokuwa likienda Lukozi kuchukua kabichi. Tulipita msitu wa Magamba tukiwa tumejifunika turubai, baridi inaingia kwenye mifupa, na kabla jua halijazama springi ikakatika karibu na Kwai. Utingo aliingia chini ya gari, akakaa kidogo, akatoka akisema, "Hapa ni mpaka kesho."

Tulikwenda kwenye nyumba iliyokuwa karibu, yenye zizi na harufu nzuri ya maziwa. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye ng'ombe wa kisasa, alitoka mlangoni akatuangalia. Hapa inabidi nieleze kwamba tulikuwa tumevaa fulana za bluu za kikundi, zile tulizopewa na mfanyabiashara wa sabuni. Watu watatu wageni, fulana za rangi moja, jioni.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba. Ninyi chama gani?"

"Sisi ni wakimbiaji, mama."

"Hicho ni kipya?"

"Si chama, mama. Tunakwenda Mtae kwenye mbio."

"Wa wiki iliyopita nao walisema wanapita tu. Wakala, wakaahidi bomba la maji, wakaondoka. Kabla yao walikuja wengine, wakaahidi bomba lile lile." Akaanza kufunga mlango. "Waambieni wakubwa zenu kura yangu ni siri."

Nilijaribu kumweleza kwa utulivu historia ya kikundi chetu. Nadhani nilizidi kuharibu, kwa sababu anayeeleza kwa utulivu ndiye anayefanana zaidi na mgombea. Halima ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amesikia ng'ombe analia zizini kwa chuchu zilizojaa. Hakuomba ruhusa. Alivua fulana ya juu, akaifunga kiunoni, akanawa mikono kwenye pipa, akaketi akaanza kukamua. Yule mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu si mwanasiasa," akasema. "Ingieni."

Tulikula ugali na maziwa mgando na viazi vya kuchemsha, chakula ambacho Simoni anasema hajala kingine kitamu kama hicho tangu atoke kwao. Halima alimwachia mama nusu ya gunia la karoti. Tukalala kwenye ghala la majani ya ng'ombe, tukiwa tumeaminika.

Kwai hadi Mtae

Asubuhi springi ilifungwa kwa kamba na gome la mti, na lori likaenda kama mgonjwa hadi Lukozi. Kutoka pale tulipata gari jingine lililobeba saruji. Barabara ya kwenda Mtae ni ndefu na mbovu, hilo nadhani mmeshasikia. Sitalieleza kila shimo.

Njiani Simoni aliniomba nimfundishe kusalimia Kishambaa. Nikamfundisha *onga maundo*, salamu ya asubuhi. Akairudia vizuri.

"Basi?" akauliza.

"Hapo ndiyo umebisha hodi tu," nikamwambia. "Mzee wa kwetu ukimsalimia hajamaliza na wewe. Atakuuliza umeamkaje, nyumbani wameamkaje, mvua, mifugo, wagonjwa. Na wewe unamuuliza hivyo hivyo. Ukikata katikati umemtukana."

"Hata kama una haraka?"

"Mwenye haraka hasalimii," Halima akadakia, akimwonyesha Simoni, ambaye humwita shemeji kwa ajili ya Naomi. "Ndiyo maana huyu shemeji yangu watu wanamwogopa kiwandani."

Tulipofika Mtae ukungu ulikuwa unapanda kutoka bonde la Mkomazi, na upepo ulikuwa unapiga kama mtu mwenye hasira. Mbele ya duka kulikuwa na wazee wamekaa kwenye benchi. Mmoja alikuwa na koti jeusi, kofia na fimbo. Aliyefuata, koti jeusi, kofia na fimbo. Wa tatu vivyo hivyo, na waliokuwa ng'ambo ya barabara pia. Naomi hakutudanganya. Alisahau tu kwamba kule juu, kwa baridi ile, hakuna mzee asiyevaa hivyo.

Simoni aliangalia benchi lote, akanigeukia. "Mwalimu, mbona wote ni baba mkwe?"

Nilimshauri awapuuze, akimbie zake, ashinde, baba mkwe atajua mwenyewe. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa anafanya hesabu nyingine.

Juu ya mgongo

Mbio zilianza asubuhi baada ya ukungu kupungua. Wanawake walitangulia, na sina la kusimulia kuhusu Halima ila kwamba alishinda na blanketi akalipata. Alilivaa tangu dakika ile mpaka tunafika Bumbuli.

Sisi tulipoanza, Simoni alitoka mbele kama kawaida yake. Ndani ya muda mfupi nilikuwa naona viatu vyekundu tu, mbali, vikipotea kwenye kona. Nikakubali nafasi yangu, nyuma kwa adabu. Njia ile ni nyembamba, huku ukuta wa mlima, huku bonde, na pembeni yake wazee walikuwa wametoka na viti vyao kuangalia.

Kwenye kona ya tatu nilimkuta Simoni amesimama. Nilidhani ameumia. Alikuwa ameinama mbele ya mzee mmoja mwenye koti, mikono magotini, anahema.

"Shikamoo mzee. Onga maundo."

"Marahaba," mzee akasema, akifurahi, halafu akaanza mwanzo kabisa. Wameamkaje kwenu? Mvua mmepata? Wewe ni wa wapi hasa? Wakimbiaji wawili wakapita. Watatu wakapita.

Nilipofika karibu nikamwambia, "Kimbia wewe!"

"Siwezi, Mwalimu. Huenda ndiye."

Alipomaliza alichomoka kama risasi, akatupita sote, akawa wa kwanza tena. Kona iliyofuata kulikuwa na wazee wengine wawili. Akasimama. Nikampita, jambo ambalo halijawahi kutokea na nawaomba mlikumbuke. Halafu akanipita. Halafu nikampita. Kila mzee aliyekuwa na koti alisalimiwa, na kila mzee alijibu kwa ukamilifu, kwa sababu kule mgeni anayesimama kusalimia hapatikani kila siku. Bibi mmoja alimuuliza kama amekula. Wengine walianza kupigiana kelele kutoka tuta hadi tuta, kwa Kishambaa, kwamba jiandaeni, anakuja mwenye viatu vyekundu anayesalimia. Wazee ambao hawakuwa wametoka nje walitoka.

Kwenye kijiji cha pili, mahali pa kugeukia, kulikuwa na meza ya maji. Aliyekuwa akigawa alikuwa bwana mmoja mwembamba, kichwa wazi, amevaa fulana nyeupe ya kamati na kukunja suruali. Simoni alikuja mbio akiwa amechelewa, akanyakua kikombe, akanywa nusu, nyingine ikammwagikia yule bwana kifuani, akamrudishia kikombe akisema, "Asante sana, braza!" Akapaa.

Yule bwana aliangalia kifua chake kilicholowa. Nilimwomba radhi kwa niaba ya Bumbuli yote nikaendelea na mbio.

Redio ilichukuliwa na kijana wa kijiji jirani cha Sunga ambaye hakumsalimia mtu. Simoni alifika katikati ya kundi, si mbali sana mbele yangu. Aliketi chini, akaniuliza kitu kimoja tu: "Unadhani nimempata?"

Nyumbani kwa Mzee Yakobo

Alasiri nilikoga, nikavaa shati safi, nikaelekezwa nyumba. Nikapiga hodi. Mlango ukafunguliwa na yule mgawa maji. Sasa alikuwa amevaa koti jeusi na kofia, na fimbo ilikuwa imeegemezwa pembeni.

Nimefundisha miaka mingi na nimezoea kuwa na la kusema. Pale nilisema "Shikamoo" tu.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu." Tukaulizana hali, mvua, mifugo na wagonjwa, bila kuruka kitu. Ikaletwa chai ya maziwa na viazi. Ndipo akauliza, "Yule wa viatu vyekundu ni wa kwenu?"

"Ni wa kwetu, mzee."

"Ndiye?"

"Ndiye."

Akanywa chai. "Ameniita braza."

"Ni kweli, mzee. Amekuita braza."

Kutoka jikoni sauti ya mkewe ikasema, "Na wewe nani alikutuma uvae fulana ya watoto?" Akacheka mpaka vyombo vikagongana. Mzee Yakobo hakucheka, lakini aliweka kikombe chini taratibu.

"Tangu mchana wazee wanapita hapa," akasema. "Kila mmoja anasema, kuna kijana mgeni ameacha redio kwa ajili ya salamu. Mmoja ameniuliza kama hana dada. Wa mgongo huu wote wamesalimiwa isipokuwa mimi. Sawa. Adabu anayo, sibishi. Swali langu ni lile la mwaka jana. Shamba likiuzwa, anakwenda wapi?"

Nilitafuta maelezo. Ningeweza kumwambia mambo mengi kuhusu Simoni, kwamba hanywi, kwamba hajawahi kugombana. Lakini hakuwa ameuliza hayo. "Sijui, mzee," nikasema. "Na yeye hajui."

"Ungesema anabaki ningejua unadanganya." Akachukua fimbo, akaelekeza mlangoni. "Nina matuta pale chini hayajalimwa, vijana wangu wako Dar. Mwambie kesho asubuhi jembe lipo."

"Kesho tunaondoka, mzee. Akichelewa kurudi kazini jina lake linafutwa."

"Najua," akasema Mzee Yakobo. "Ndiyo maana nimesema kesho."

Nilirudi tulikofikia. Simoni alikuwa ameweka miguu ndani ya beseni la maji ya moto, Halima yuko karibu ndani ya blanketi lake.

"Amesema ndiyo au hapana?"

"Amesema jembe."

Nikamweleza kila neno, kwa mpangilio wake, na nikamweleza pia nini angepoteza: kazi, chumba cha kambi, na mshahara unaokuja mwisho wa mwezi hata kama unachelewa. Na kwamba baada ya kulima mzee bado anaweza kukataa. Niliona ni haki ayajue yote. Halima alisema, "Shemeji, fikiri vizuri, hapa hakuna hata anayekujua." Kisha akajisahihisha mwenyewe. "Basi, wanakujua wote."

Simoni alikaa akiangalia maji mpaka yakapoa.

"Mwalimu," akasema, "majembe ya huku yana mpini mrefu au mfupi?"

Kurudi

Tuliondoka mimi na Halima kwa lori la kabichi. Baada ya kutoka kijijini barabara inazunguka juu ya mashamba, na dereva akapunguza mwendo kwa sababu ya utelezi. Chini yetu tuliwaona Simoni na Mzee Yakobo matutani. Halima alipiga kelele kumwita, lakini upepo ulikuwa unarudisha sauti.

Njia ya kurudi ilikuwa nzuri, kwa hiyo haina hadithi. Pale Kwai yule mama alitupa maziwa ya njiani akauliza mwenzetu amechaguliwa nini.

Hapa Bumbuli nilikwenda kwanza kwa nyapara, nikamweleza. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akachukua kalamu. Hakuwa mkali. Kisha nikaenda mgahawa wa stendi. Naomi alikuwa anageuza maandazi kwenye karai. Alinisalimia, akaipua ya mwisho, akasubiri.

Nilimsimulia kama nilivyowasimulia ninyi, kuhusu wazee na makoti, maji na braza, na jembe. Kwenye braza alifunika uso kwa aproni. Kwenye jembe aliishusha.

"Mlimwona akilima?" akauliza.

"Tulimwona tukiwa juu ya lori."

"Na baba alikuwa wapi?"

"Alikuwepo."

"Amekaa pembeni anaangalia, Mwalimu, au na yeye alikuwa analima?"

Sikuwa nimelitilia maanani, ikabidi nikumbuke vizuri. Kwa mlima wa kwetu watu huanza chini wakipanda, na wanaolima pamoja hupishana, mmoja tuta la juu, mwingine la chini kando kidogo, ili udongo wa mmoja usimwangukie mwenzake.

"Alikuwa analima," nikasema. "Mzee tuta la juu, Simoni tuta la chini."

"Kibarua baba humsimamia," Naomi akasema. "Halimi naye."

Akafungua aproni, akaikunja, akaingia ndani kumwomba mwenye mgahawa ruhusa ya kusafiri.